Kutega na Kuuliza: Uhakiki wa Mchezo wa Kukisia Senema za Mashujaa Huko Ufipa

Miongoni mwa michezo iliyoenezwa na simu za mkononi, uko mmoja ambao aghalabu huhesabiwa kuwa upuuzi wa vijana, nao ni mchezo wa kukisia mambo ya senema za mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Mchezaji huulizwa jina la shujaa, au la silaha yake, au la mchezaji senema aliyemwigiza, naye hujibu kabla ya muda kwisha. Kijana aliye Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, aweza kuucheza saa ile ile anayoucheza kijana wa London au Chicago, wala hapana kikubwa kinachowatenga ila bei ya bando. Maadamu mchezo huu umejengwa kwa maneno, na maadamu una mwulizaji, mjibuji, kanuni na ushindi, yafaa upimwe kama upimwavyo utanzu mwingine wowote wa sanaa ya maneno. Kipimo kilicho karibu ni kitendawili, ambacho mtoto wa Ufipa hukikuta nyumbani, na tena katika masomo ya Kiswahili ya shule ya msingi.

Kwanza yapasa umbo la mchezo wenyewe lielezwe. Ziko namna kadha wa kadha. Namna iliyo nyepesi ni ile ya swali na majibu manne, ambapo mchezaji huchagua moja: ni nani aliyeigiza Iron Man katika senema ya mwaka 2008, ni mawe mangapi ya ajabu yanayotafutwa na adui Thanos, ngao ya Captain America imefuliwa kwa madini gani. Namna ya pili ni ya picha: mchezo uitwao Framed, ulioanza mwaka 2022, humwonyesha mchezaji picha sita za senema moja, moja baada ya moja, kuanzia iliyo ngumu kutambulika hadi iliyo wazi, naye hukisia jina lake. Namna ya tatu hugeuza mambo juu chini. Katika Akinator, mchezo uliozuliwa Ufaransa mwaka 2007, mchezaji ndiye anayeficha jina moyoni mwake, na mashine ndiyo inayouliza maswali ya ndiyo na siyo mpaka ilifikie jina hilo. Namna hii ya tatu itarejewa mwishoni, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo zile mbili hazina.

Katika namna mbili za kwanza, jina la mchezo lenyewe si sahihi sana. Kiswahili hutofautisha baina ya kukisia, kubahatisha na kukumbuka. Akisiaye hupima alichonacho mbele yake akafika kwenye asichokuwa nacho. Abahatishaye hurusha jiwe gizani. Akumbukaye hutoa alichokwisha kuweka. Mtu asiyeiona senema ya Iron Man hawezi kukisia kwamba aliyeiigiza ni Robert Downey Jr., hata angekuwa na akili za kupasua mwamba, kwa sababu hamna katika swali lenyewe neno lolote limwongozalo kwenye jibu. Aweza kubahatisha tu, na majibu manne yaliyopangwa mbele yake humpa bahati moja katika nne. Basi mchezo uitwao wa kukisia ni mchezo wa kukumbuka, na kinachokumbukwa ni orodha ya majina.

Kitendawili ni kitu kingine. Mtegaji husema, "Kitendawili!" naye aliye mbele yake huitikia, "Tega!" Vitenzi vyenyewe vina mafunzo: kitendawili hutegwa na huteguliwa, kama mtego wa ndege. Mtego huwekwa njiani ambapo ndege hupita kila siku, na vivyo hivyo kitendawili hujengwa kwa vitu ambavyo msikilizaji huviona kila siku. Asemapo mtegaji kwamba nyumba yake haina mlango, hampi mwenzake jambo la kukumbuka, bali humpa picha ya kugeuzageuza mpaka alione yai ndani yake. Vyote viwili, nyumba na yai, vimo katika ulimwengu wa anayejibu. Kilichofichwa ni uhusiano wao, nao hudhihirika kwa jicho na kwa fikira.

Hapa mtaalamu wa fasihi simulizi ataleta pingamizo, na pingamizo lake ni la haki. Atasema kwamba vitendawili vingi vinajulikana tangu utotoni, na kwamba mtoto ajibuye "yai" hafikiri bali hukumbuka kama akumbukavyo yule wa senema. Tena majibu ya vitendawili yamekubaliwa na jamii, hata jibu jingine lililo zuri laweza kukataliwa na wazee. Hayo ni kweli. Walakini tofauti iliyo kubwa haimo katika kumbukumbu, bali katika uthibitisho. Jibu la kitendawili, hata likitajwa na mtegaji mwenyewe baada ya wote kushindwa, hujithibitisha mbele ya wasikilizaji: yai liko, halina mlango, wala hapana haja ya shahidi. Asikiaye hucheka kwa kuwa ameona. Jibu la mchezo wa senema halijithibitishi. Huthibitishwa na mwenye hazina ya majibu. Mchezaji huambiwa kwamba amekosa, nayo rangi nyekundu hutokea kiooni, na hana la kufanya ila kuamini. Kitendawili humfanya msikilizaji awe hakimu pamoja na mtegaji. Mchezo wa senema humwacha akiwa mtahiniwa daima.

Tofauti hii haikuletwa na senema zenyewe, wala na vyombo vya kisasa. Mambo yale yale ya mashujaa yaweza kutegwa. Katika senema za Thor iko nyundo isiyonyanyuliwa ila na mtu astahiliye, na katika Avengers: Endgame ya mwaka 2019 Captain America huinyanyua pia. Mchezo huuliza: ni nani mwingine aliyeinyanyua nyundo ya Thor? Jibu ni jina. Lau angekuwa mtegaji angesema: "Nyundo yangu kwangu nyepesi, kwa wengine nzito." Aliyeiona senema ataitaja nyundo ya Thor, na asiyeiona ataweza kutaja mtoto mgongoni mwa mamaye, au lugha ya mama mdomoni mwa mwenyewe, na baraza itabishana ni lipi lililo bora. Vivyo hivyo ngao ya Captain America: "Nikiitupa ngao yangu, hunirudia." Hapo kijana wa Sumbawanga na bibi yake wasingetengwa na mchezo, bali wangeketi pamoja. Kwa hiyo kasoro inayohakikiwa hapa si ya mada, ni ya umbo la swali.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Sehemu kubwa ya michezo hii huandikwa kwa Kiingereza, na hata pale ambapo swali hufasiriwa, mfasiri hufuata mpango wa Kiingereza neno kwa neno. Mchezaji wa Ufipa, ambaye huenda ana Kifipa cha nyumbani, Kiswahili cha shule ya msingi na sokoni, na Kiingereza cha shule ya sekondari, husoma swali kwa lugha ya tatu, hubishana na wenzake kwa lugha ya pili, na jibu hulirudisha katika ya tatu. Ubishi wote, ambao ndio roho ya mchezo wowote wa baraza, hufanyika nje ya mchezo, wala mchezo hauna masikio ya kuusikia.

Na katika ubishi huo Kiswahili si maskini hata kidogo. Watazamaji wa senema wa Afrika Mashariki wana neno lao la siku nyingi, staringi, lililotoholewa kutoka Kiingereza na kupewa maana ambayo Kiingereza chenyewe hakina. Staringi si mwigizaji mkuu tu. Ni yule ambaye watazamaji humfuata kwa imani kwamba, hata apigwe vipi, hatakufa kabla senema haijaisha. Kinyume chake ni adui. Maneno haya mawili ni nadharia nzima ya tamthilia katika vinywa vya watu wa kibandani. Kwa nadharia hiyo mtazamaji wa Sumbawanga aweza kueleza kwa nini mwisho wa Endgame unauma: Tony Stark, ambaye watu wamemfuata tangu mwaka 2008, hufa, na kanuni ya staringi huvunjwa. Mchezo wa kukisia huuliza ni nani anayekufa mwishoni. Hauulizi ni kanuni gani iliyovunjwa kwa kifo chake. Kwa hiyo mchezaji hulipwa alama kwa jambo analolijua kijuujuu, na hakulipwa kitu kwa jambo analolijua kwa undani.

Mfano mwingine umo katika senema ya Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Nchi ya kubuniwa ya Wakanda ilitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 katika kitabu cha picha cha Stan Lee na Jack Kirby, na katika senema wenyeji wake husikika wakisema Kixhosa, ambacho ni lugha ya Kibantu ya Afrika Kusini. Swali la kawaida la mchezo ni kutaja jina la nchi hiyo. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili jina lenyewe ni kitendawili ambacho mwuliza swali hakujua kwamba amekitega. Wafipa hukaa Ufipa na husema Kifipa. Mmoja wao ni Mfipa. Kwa kanuni hiyo, Wakanda ni watu, nchi yao ingekuwa Ukanda, na mmoja wao angekuwa Mkanda. Ukanda katika Kiswahili ni eneo refu jembamba, kama ukanda wa pwani. Mkanda ni mshipi wa kiunoni, na katika enzi ya video ulikuwa ndio senema yenyewe, mkanda wa kukodishwa. Tena msemaji hana budi kuchagua: aseme Wakanda imeshinda, akiifuata nchi, au Wakanda wameshinda, akiufuata mwanzo wa neno? Swali hili dogo la upatanisho wa kisarufi lina maarifa zaidi kuliko maswali mengi ya mchezo mzima, nalo laweza kuulizwa na mtoto yeyote ajuaye ngeli, ilhali aliyeutunga mchezo kwa Kiingereza hawezi kuliona.

Kutoka kwenye jina la nchi hiyo ya kubuniwa yafaa kupita kwenye madini yake, kwa sababu hapo ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Utajiri wa Wakanda ni madini ya vibraniamu, ambayo wenyeji huyafua kwa ufundi unaoushinda ulimwengu wote huku wakiuficha. Ngao ya Captain America, iliyoulizwa hapo juu, imefuliwa kwa madini hayo. Mchezaji wa Sumbawanga hujibu swali hilo upesi. Basi nchi anayoikalia ni nchi ya wafua chuma. Juu ya nyanda za Ufipa yapo mabaki ya matanuru marefu ya udongo, yaitwayo ilungu kwa Kifipa, yaliyopita kimo cha mtu, ambayo yaliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo uliovutwa na urefu wa tanuru wenyewe pasipo mivukuto. Na chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo kabla ya kufuliwa kuwa jembe. Mmisionari Wyckaert aliandika habari za wafua chuma wa pande hizi katika mwaka 1914. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea.

Haitakuwa haki kumlaumu kijana ajuaye vibraniamu asijue ilungu. Mtu hujua analoulizwa. Vibraniamu huulizwa kila siku, kwa picha za kupendeza na kwa alama za ushindi, na ilungu haliulizwi na mtu. Nyuma ya swali la vibraniamu iko biashara kubwa: kampuni ya Disney iliinunua Marvel mwaka 2009, na kila swali linalojibiwa sawasawa humkumbusha mchezaji bidhaa aliyokwisha kuitazama na kumwandaa kwa bidhaa ijayo. Mchezo unaodhaniwa kuwa ni wa bure hulipwa kwa kumbukumbu. Nyuma ya swali la ilungu hakuna mwenye duka. Kwa hiyo kisipotungiwa swali na watu wenyewe, kitu hicho kitatoka katika mazungumzo, kisha katika kumbukumbu, na mwisho neno lenyewe litabaki katika vitabu vya wageni tu.

Wafipa wenyewe wana kisa kifaacho kueleza jambo hili. Katika masimulizi ya asili ya ufalme wao, yaliyochunguzwa na mwanaanthropolojia Roy Willis aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, husemwa kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, aliyeshuka kutoka mbinguni, aliweka makao yake Milansi. Baadaye, mtawala wa Milansi alipokuwa mawindoni, walifika wanawake wageni, nao wakapewa kigoda chake wakakikalia. Aliporudi na kuwakuta wamekaa, aliwaachia utawala wa nchi, akabaki na Milansi yenyewe pamoja na heshima ya aliyetangulia. Kwa kizazi cha wageni hao, Watwa, ndiko kulikotoka watawala wa Nkansi na Lyangalile. Kisa hiki kina tafsiri nyingi, na Willis alikichambua kwa mapana. Lakini kwa uhakiki huu latosha jambo moja. Nchi haikutwaliwa kwa mkuki. Ilitwaliwa kwa kukaliwa kigoda, mwenyewe akiwa hayupo.

Katika kila mchezo wa maswali kigoda ni nafasi ya mwulizaji. Anayeuliza ndiye anayeamua ni jambo gani listahililo kujulikana, kwa lugha gani, na jibu lipi ndilo sahihi. Katika kitendawili kigoda hicho huzunguka. Aliyeshindwa hutoa mji, naye mtegaji huupokea, hujisifu kwamba amekwenda huko na kustarehe, kisha hutoa jibu; lakini mara tu baada ya hapo aliyeshindwa naye aweza kusema "Kitendawili!" na kuurudisha mji wake kwa mtego mpya. Hasara ni ya mchezo, na kisasi ni cha akili. Katika mchezo wa senema kigoda hakizunguki. Mchezaji aliyejibu maswali mia kwa usahihi hana ruhusa ya kuuliza hata moja. Ndiyo maana Akinator, pamoja na upungufu wake, ina ladha ambayo mingine haina: mchezaji hukaa kigodani kwa kitambo, akaficha jina, akaitazama mashine ikihangaika. Aweza hata kuficha jina la mzee wa kijijini kwake, na mashine ikashindwa. Furaha ya kuishinda ni furaha ya mtegaji.

Isidhaniwe basi kwamba uhakiki huu wataka vijana wa Ufipa wakatazwe mchezo. Una sifa zake: huwazoeza wepesi, huwakusanya marafiki, na huwapa vijana wa mahali mbalimbali jambo moja la kuzungumza. Wala si lazima shujaa wa kigeni afukuzwe ili wa nyumbani apate nafasi. Watu wa Tanzania wamekwisha kuonyesha njia nyingine katika vibanda vya video. Humo watafsiri wa senema, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, hawakuridhika kufasiri maneno ya waigizaji. Waliisimulia senema ya kigeni kwa Kiswahili, wakaongeza mafumbo, mizaha na maelezo, hata mtazamaji akaipokea kama hadithi ya kwao. Lufufu hakumiliki senema aliyoisimulia, lakini alikikalia kigoda cha msimulizi. Alilofanya katika masimulizi laweza kufanywa katika maswali.

Linalohitajiwa ni jepesi kulitaja ingawa si jepesi kulitenda: mchezo wa Kiswahili uliotungwa kwa kanuni za kutega, si uliofasiriwa kutoka kwa kuuliza. Mchezo huo ungekuwa na mambo matatu. Kwanza, kila fumbo liwe na ndani yake njia ya kulifikia jibu, ili asiyeiona senema naye aweze kufikiri. Pili, aliyetegua apate haki ya kutega, na fumbo lake lipokewe na wachezaji wengine. Tatu, mashujaa na vitu vya mahali wachanganywe na wa senema bila kutengwa katika chumba cha urithi, ili nyundo ya Thor na tanuru la Ufipa viulizwe jioni moja, kwa lugha moja. Waalimu wa Kiswahili wa sekondari, ambao vitendawili kwao mara nyingi hubaki kuwa mada ya kukariri kwa ajili ya mtihani, wangepata humo chombo cha kufufua utanzu huo, na wanaisimu wangepata ushahidi hai wa jinsi vijana wanavyounda istilahi.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa ni agizo: tupa uchawi. Uchawi wa mchezo wa senema haumo katika mashujaa warukao angani, bali katika swali linalomfanya mtu aone kuwa analojua yeye halina thamani mpaka mwingine aliulize. Uchawi huo hautupwi kwa kuizima simu. Hutupwa siku kijana aliyeishika atakapoinua macho kwa wenzake na kusema, "Kitendawili!"